Siku babu yangu alipokataa kuitika "boi" kwenye mgodi wa bati Kyerwa

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa Ihanda, Karagwe, nimekaa mkekani pembeni ya bibi yangu. Nikiongeza chumvi hapa, yeye mwenyewe yupo kunikatisha.

Wiki iliyopita kuna mkuu humu aliandika kwamba "boy" ni neno tu la Kiingereza, lina maana nyingi, na wazee wetu hawakuona tabu kuitwa hivyo. Alipata like nyingi.

Mimi sikubali kitu kwa sababu ya like. Nikapanda basi, nikaja kuuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini babu alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa bati, kwenye vilima vya Kyerwa. Bibi aliishi naye kambini.

Kwenye suala la maana nyingi, mkuu yule yuko sahihi kabisa. Mpishi aliitwa boi. Mfyeka majani, shamba boi. Mbeba taa, lamp boy. Nyapara mwenye mvi na wajukuu aliitwa boss boy, tena alitakiwa ajivunie.

Wazungu nao wakinywa barazani waliitana "old boy". Hapo maana yake ilikuwa rafiki yangu wa siku nyingi.

Msimamizi wa mgodi, naye mzungu, alikuwa na mtoto wa kiume, bado anang'oka meno ya utoto. Huyo aliitwa bwana mdogo.

Someni tena hapo. Mvulana wa kweli hakuitwa boi.

Sasa tukio lenyewe.

Baba yangu alipozaliwa, baba yake bibi alitoka Mabira kwa miguu kuja kumwona mjukuu. Alibeba kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akanywe na mkwe wake. Siku hiyo ndiyo angeanza kumwita Ta, heshima ya mwanaume mwenye mji wake.

Alipofika kambini akamkuta msimamizi anapiga kelele: "Boi!" Wanaume wakageuka wote. Babu ndiye aliyekimbia.

Mzee akamuuliza bibi, "Yule amemwita nani?"

"Yeyote, baba."

"Amemwitaje?"

Bibi akamwambia kwa Kinyambo: omwojo. Mvulana.

Mzee akakiziba kibuyu. "Mimi nilimwoza mwanangu kwa mwanaume. Huyu mvulana simjui. Kesho akiitika tena, beba mtoto, tunarudi Mabira."

Jioni babu akaambiwa. Hakula.

Asubuhi mzee akasimama juu ya shimo, kibuyu mkononi, bibi pembeni yake. Msimamizi akaita. Wengine wakageuka. Babu akaendelea kuchimba.

"Bitegeko, itika bwana, utatuponza!" mwenzake akamnong'oneza.

Msimamizi akashuka hadi alipokuwa. "Boi! Wewe kiziwi?"

Babu akaweka sururu chini. "Mvulana nimemwacha na mama yake, bwana, ananyonya. Mimi naitwa Bitegeko."

Wenzake wakaangua kicheko. Babu akafukuzwa pale pale, na aliyetumwa kumsindikiza nje ya kambi ni yule boss boy mwenye mvi.

Hapo nikamsimamisha bibi. Hadithi ikinoga sana huwa naitilia shaka.

"Bibi, haya yote uliyasikia wewe mwenyewe?"

"Baba yako alikuwa mgongoni kwangu, nimesimama hapo hapo. Ulitaka nikae wapi, barazani na wazungu?"

"Lakini babu alikosa kazi, na yule mzungu hakumwita jina lake."

"Mzungu wa nini? Baba yangu alimfuata njiani akamwita Ta Bitegeko. Wakakaa majanini wakamaliza kibuyu chote, mimi nimesimama na mzigo kichwani. Ndipo tukaja huku Ihanda, tukapanda kahawa."

Nikabaki na swali moja. Kila mtu hapo alimwamulia bibi, na hakuna aliyemuuliza.

"Kama babu angeitika, kweli ungemwacha?"

Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Niende Mabira kufanya nini? Nilishaamua siendi popote. Lakini babu yako sikumwambia. Ningemwambia, angeitika."

Wakuu, nilichoondoka nacho ni hiki: neno likiwa na maana nyingi, usiishie kuzihesabu. Angalia nani amepewa ipi, na nani hakupewa kabisa. Halafu uniambie kama ni neno tu.

Nyie wa Kimuli, Mabira na kwingineko, wazee wenu waliitwaje makazini? Kuna aliyegoma? Tupieni hapa, hata kama mnanipinga.

Mkuu wa "neno tu", karibu sana. Bibi anasubiri nimsomee jibu lako, na fimbo yake iko karibu.