Aliyeoga Mwisho

Nilipokuwa mtoto kule Ndosho, maji ya kuoga yalikuwa beseni moja, na sisi watoto watatu tuliingia humo kwa zamu. Kwanza mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, halafu mimi, mwisho Riziki. Maji yaliyobaki mama aliyatumia kusugua sakafu, mengine akayamwaga chooni. Robine, bomba la mtaa, iliweza kukauka wiki nzima, na hapo mama alishuka mpaka ziwani, akapanda na bidon la maji mgongoni juu ya mawe ya volkano, kamba ikimkata paji la uso. Simlaumu kwa beseni lile. Namlaumu kwa mambo mengine.

Riziki alikuwa binti wa shangazi yangu. Shangazi alipofariki kwenye milima ya Masisi, Nyanya, mama yake baba, alimchukua huyo mtoto akaja naye kwetu. Mimi na Riziki tulikuwa na miaka tisa wote wawili. Tulilala chini ya blanketi moja, yeye upande wa ukuta ambako upepo ulipita kati ya mbao.

Nyanya hakulipenda beseni. Kwao, alisema, maji yaliyomwosha mtu hubaki na vitu vyake: uchovu wake, ugonjwa wake, mikosi yake. Anayeoga nyuma yake ndiye anayevibeba.

"Mama Aline, huyu mutoto anaoga mizigo ya wote," alimwambia mama siku moja.

"Mama, maji inatoka ku mugongo yangu," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Na mugongo iko moja."

Nyanya akaliacha hapo. Alikuwa akila kwa mkwe wake, na alilijua hilo.

Msimu ule wa kiangazi nilitokwa na upele, kwanza kati ya vidole, halafu kiunoni. Sikulala kwa kujikuna. Mama alinunua dawa ya kupaka, chupa ndogo, akaanza kunipaka. Lakini mimi sikuingojea dawa. Nilikuwa nimemsikia Nyanya. Jioni moja niliketi ndani ya beseni nikajisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikawaka, nikisema kimoyomoyo: baki humu, baki humu. Kisha nikatoka, nikasimama pembeni na kitenge changu, nikamtazama Riziki akiingia. Sikumwambia neno.

Baada ya wiki mbili mimi nilikuwa nimepona, na Riziki alikuwa na upele mpaka shingoni. Dawa ilikuwa imekwisha. Mama alimgeuza mwangani, akamwangalia mikono.

"Huyu ndiye aliuleta toka kule kwao," alisema. "Ndiye alimuambukiza Aline."

Mimi, Aline, nilikuwa nimesimama palepale. Nyanya aliniangalia kwa muda mrefu, nikainamisha macho. Hata leo sijui kama alikuwa ameniona siku ile.

Tangu hapo Riziki hakugusa beseni. Alilala jikoni juu ya gunia. Alipewa kikombe kimoja cha maji, anawe uso, na shuleni wenziwe wakaanza kusogea mbali naye. Mwezi haukwisha, Nyanya akafunga vitu vyao katika kitenge, wakaondoka kwa miguu kwenda Munigi kwa ndugu mmoja wa mbali. Nyanya hakutuaga. Riziki alituaga, mmoja mmoja, hata mtoto mchanga.

Nilipokuwa mkubwa, muuguzi mmoja alinieleza kwamba upele hupita ngozi kwa ngozi, na kwamba ulimpata Riziki kwenye blanketi letu, pengine kabla ya jioni ile. Nilimshukuru. Maelezo yake hayakuniondolea kitu, kwa sababu mimi nilikuwa nimetaka aupate.

Mwaka jana nilimkuta Riziki kwenye foleni ya maji Munigi, nilipokwenda kwenye matanga. Ana watoto wawili. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za wazee. Nyanya alikwisha kufa. Nikaona nikikaa kimya tena nitakufa nalo, nikamwambia habari ya beseni.

Hakushangaa. Alisogeza bidon lake mbele kwa mguu, maana foleni ilikuwa inatembea.

"Nilikuona unajisugua," alisema. "Na mimi Nyanya alikuwa amenielezea ile maneno ya maji."

"Sasa mbona uliingia?"

"Nilifikiri nikikubebea ule ugonjwa, mama yako atanipenda. Atasema huyu mutoto ana faida, abaki."

Zamu yake ikafika. Nilimsaidia kujitwisha, akanishukuru, akaenda.

Nyumbani kwangu pia maji ni ya taabu. Watoto wangu wanaoga kwa kikombe, wamesimama: kimoja cha kujilowesha, sabuni, viwili vya kusuuza, na maji yanayokusanyika chini tunayatumia chooni. Haoshwi mtu kwa maji ya mwingine. Wakiniuliza sababu, nawaambia ni usafi, nao wanaridhika. Mama yangu, ambaye sasa anaishi nasi, hunisikia nikisema hivyo, na hajawahi kuniuliza kitu.