Sufuria ya Wajane wa Kambi ya Polisi

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Shule niliiacha darasa la tano, na leo nina malori yanayobeba shaba kutoka Kolwezi hadi mpakani, nina nyumba ya ghorofa pale Manika, na wahasibu wangu wenye diploma husimama ninapoingia. Lakini nikisikia harufu ya alumini inayoyeyuka juu ya makala, yaani makaa ya kupikia, biashara yote hunitoka kichwani. Narudi kambi ya polisi, kwenye kile kiangazi ambacho kampuni ya mgodi ilikuwa inakufa, king'ora cha asubuhi kimenyamaza, na baba yangu amerudi nyumbani akiwa gameli. Gameli ni kile kibakuli cha alumini chenye mshikio ambacho kila polisi alikuwa akilia chakula chake. Baba alitumwa Kisenge kulinda maghala ya manganizi, majambazi wakampiga risasi, akazikwa hukohuko kwa sababu gari la kumleta halikupatikana. Tuliletewa mkanda wake na gameli. Mkanda ulinunuliwa na jirani. Gameli nilikuwa nalala nayo.

Polisi akifa kazini, nyumba ya kambi hupewa anayechukua nafasi yake. Ndiyo maana wajane walikuwa na kikundi chao. Walikuja siku ileile ya msiba, wakabeba magodoro, wakagawana watoto wa kulala kwao, wakapika. Desturi yao ilikuwa moja tu: mjane mpya hapiki wala hali peke yake, yule aliyefiwa karibuni zaidi ndiye anayemkatia bukari, ugali wetu, na kumtia kinywani kwa mkono wake. Aliyemlisha mama yangu ni Mama Kapinga, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye wazazi wake walitoka Kasai kufanya kazi mgodini. Mama aligeuza uso. Mama Kapinga akamwambia, "Mama Ilunga, fungua kinywa. Mi pia nilikataa, na ona vile ninanenepa!" Mama akacheka huku machozi yakimtoka, bukari ikaingia.

Tatizo lilikuwa chombo. Wajane walizidi, na sufuria za kuazima zilileta maneno. Mama Kapinga ndiye aliyetoa wazo: kila mmoja alete gameli ya mume wake, fundi aziyeyushe, atengeneze nyungu moja kubwa. Nyungu ndivyo tunavyoiita sufuria sisi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini mama aliipeleka ya baba. Nilisimama karibu na moto nikaiona ikilegea, ikawa maji ya fedha, ikachanganyika na zile nyingine. Fundi akamimina kwenye udongo. Ilitoka nzito, ina makovu pembeni, na chakula chake, nawaambia, sijapata kukila tena hotelini popote, na hoteli nimelala nyingi. Sombe, yale majani ya muhogo, iliiva humo ikawa laini kama siagi. Kila Jumamosi nilikula upande uleule, nikiamini ndiko baba aliko.

Kisha ikaja ile habari ya kuwafukuza watu wa Kasai, eti ni wageni wanaokula kazi za wenyeji. Nyumba zilivunjwa milango, na Mama Kapinga na binti yake Mbuyi wakajikuta kituo cha treni pamoja na watu wengi, wamelala juu ya mizigo wakingoja mabehewa. Mama na wenzake walipeleka chakula huko mchana kweupe, nyungu ikiwa juu ya kichwa. Njiani vijana waliwazuia.

"Mama, unapelekea bale batu bukari ya nini?"

"Ninapelekea mujane mwenzangu," mama akasema. "We, siku baba yako anakufa, nani atamulisha mama yako? Wewe? Hata kupika mayai haujue!"

Vijana wenzake walimcheka, njia ikafunguka.

Siku treni ilipofika, watu walipanda kwa kusukumana. Mama aliinyanyua ile nyungu, tupu na nyeusi, akaisukuma ndani ya behewa, mikononi mwa Mama Kapinga.

"Hapana, ni ya kikundi!" Mama Kapinga akalia.

"Kule hauna kikundi. Utafanya kingine."

Mimi nikaanza kukimbia kando ya reli. "Mama, baba anaenda!"

Mama alinishika shati. "Muache aende. Alikuwa polisi. Kazi yake ni kulinda batu mu njia."

Leo Kolwezi ina vumbi la malori, na mengine ni yangu. Wajane wa kambi bado wapo, nami nimewajengea chumba cha bati cha kukutania. Lakini mama amezeeka, na nikaona nimrudishie gameli ya mume wake kabla hajafumba macho. Nilipata habari kwamba Mbuyi yuko Mwene-Ditu, kule Kasai, na nyungu anayo. Nikaenda mwenyewe, na dola elfu moja mfukoni.

"We Ilunga wa kambi!" Mbuyi alipiga makofi. "Umenenepa kama mukubwa wa kampuni!"

Nyungu ilikuwa motoni, kubwa kuliko niliyoijua. Mama yake, kabla ya kufariki, aliwakusanya wajane wa polisi wa pale. Ilipopasuka waliiyeyusha upya, wakaongeza gameli za waume zao. Nilipotaja bei ya kuinunua, Mbuyi alicheka.

"Mule kuko baba yako, kuko baba yangu, kuko na ba hapa. Utakata kipande gani? Kaa, ule."

Nilikaa, nikala. Pembeni kulikuwa na mjane kijana akilishwa kwa mkono, na makala yalikuwa yanakwisha. Nikamtuma dereva wangu akalete gunia.

Niliporudi mikono mitupu, mama alisikiliza yote, akajipiga paja akicheka. "Baba yako anakataa kurudi! Bado iko ku kazi!" Kisha akaniuliza ile safari ilinikamata makuta ngapi kule, yaani pesa ngapi. Nikamwambia ukweli: dola zote nilirudi nazo, nilitoa bei ya gunia moja la makala, faranka elfu ishirini na mbili.