Ugonjwa Ulionitambua

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, surua ilikuwa na macho. Kaku, bibi yangu mzaa baba, alitufundisha hivyo: huingia nyumbani, humtazama kila mmoja usoni, na mtu ambaye imekwisha kumtembelea haimrudii. Kwa hiyo haikutukanwa wala kutajwa jina mbele ya mgonjwa. Tuliiita Mgeni.

Mimi, Mbuyi, nilikuwa nimekwisha kutembelewa. Ilikuwa Mutshatsha, kwa shangazi, nilipokuwa na miaka minne. Pacha wangu Kabanga alikuwa amebaki kwetu Kapata, mtaa wa wachimba migodi wa Kolwezi, na surua haikumgusa.

Kisha ukaja wakati ambapo sisi wenye asili ya Kasai tuliambiwa tuondoke, turudi mkoa wa mababu zetu. Baba, aliyezaliwa Kapata na kufanya kazi mgodini tangu ujana, alifunga magodoro mawili kwa kamba, tukaenda stesheni ya Kolwezi kungoja treni. Tulingoja wiki nyingi, familia kwa familia chini ya maturubai. Dispensari tuliyoizoea ilikuwa imefungwa, na friji ya chanjo haikuwa na umeme. Mgeni alipofika, alikuta wengi asiowajua.

Watoto wagonjwa walilazwa katika behewa la mizigo lililoachwa kwenye reli ya pembeni. Mwanga uliwaumiza macho, hivyo mlangoni palitundikwa mablanketi. Saa sita mchana, jua likiwaka juu ya kokoto, mle ndani mlikuwa giza, na katika giza lile watoto hawakulia. Walipumua tu, wote, kama kifua kimoja kikubwa.

Kaku alitaka watu wa kuwapelekea maji, wale waliokwisha kutembelewa. Akatushika mikono sisi wawili. Jirani yetu, Mama Ngalula, akamzuia.

“Kaku, Mbuyi ni sawa. Lakini Kabanga? Ye hakuguaka.”

“Mapasa ni mutu moja wa miguu ine,” Kaku akajibu. “Mwenye alisalimia Mbuyi, alisalimia na Kabanga.”

Wanawake wakacheka, na mama yetu akatuletea ndoo. Kwetu mapasa, yaani pacha, hawagawanywi, si kwa nguo wala kwa chakula; anayempa mmoja na kumnyima mwingine anatafuta msiba. Kabanga mwenyewe alifurahi. Njiani alinichokoza:

“We ulijikuna bure. Mi nilisalimiwa bila hata kipele moja.”

Kaku aliinua blanketi, akaongea na giza kwa upole, kama mtu anayepiga hodi na kuwatambulisha aliokuja nao. “Ni bale unajua. Angalia muzuri.”

Mpaka leo nahisi kwamba kitu kilituangalia vizuri.

Kwa siku kumi hivi tuliingia na kutoka na ndoo zetu. Kisha asubuhi moja Kabanga aliligeuzia jua mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu.

Kumtazama kulikuwa kama kujiona katika kioo kilichoanza kufanya mambo yake chenyewe. Nilingoja homa yangu. Kama sisi ni mtu mmoja, basi nusu ya ugonjwa ilikuwa yangu, na nikiichukua yeye atapona. Haikuja. Nikaenda kuitafuta: nilinywea kikombe chake, nikalamba kijiko chake, nikalala naye behewani pua kwa pua, nikivuta kila pumzi aliyoitoa.

“Sogea kule,” alininong’oneza. “Unanuka kinywa.”

Akakohoa usoni pangu. Nilifumba macho nikapokea. Hakuna kilichoingia.

Tulimzika Kolwezi siku chache kabla ya treni kufika. Kaku hakuongea na giza tena, hata tulipokwisha fika Kasai.

Nimesoma mengi tangu hapo. Najua sasa kwamba damu ya aliyeugua surua hubaki na chembe zinazoukumbuka ugonjwa ule, tayari kuukabili miaka mingi baadaye, na kwamba kumbukumbu hiyo haivuki kutoka mwili hadi mwili, hata wa pacha. Kwa hiyo siwezi kumhukumu Kaku. Alikuwa ameiona kweli kwa macho yake tu, bila hadubini. Alikosea kuhesabu watu, na hesabu hiyo sote tuliikubali.

Kinachonirudia ni lile behewa. Nilikuwa nikimwita Mgeni kwa moyo wangu wote, na mwili wangu ukamfukuza bila kuniuliza. Ndipo nilipojua, Kabanga akiwa bado anapumua kando yangu, kwamba tulikuwa wawili.