Aliyenifuata Namatala

Leo asubuhi mwanaume alinifuata Namatala, ule mtaa wa mabanda hapa Mbale.

Mnajua ninavyopita pale nikienda kazini tangu jirani yangu akatwe panga: simu ndani ya mfuko wa mkate, macho mbele. Nilipoongeza mwendo, naye akaongeza. Nikasimama, akasimama.

Nikageuka. "Bwana, unataka nini?"

"Pole, dada. Mimi askari magereza, nimehamishiwa Mbale juzi. Wenzangu wamenikataza kupita hapa peke yangu. Nikaona wewe unatembea kama mwenyeji."

Nikamwambia ukweli:

"Afande, hata mimi naogopa."

Tukacheka, tukapita pamoja. Tulipoachana akauliza natoka kazini saa ngapi, ili turudi pamoja. Nikamwambia saa kumi na moja.

Sasa niko ofisini nawaza. Hakuvaa sare, wala sikumuuliza jina.

Ninyi mngemngoja?