Kichwa cha Gololi

Kwenye duka la vifaa vya picha mjini Kigali palikuwa na vichwa viwili tu vya stendi ya kamera, ile sehemu ya juu inayoishika kamera, nami nikachagua kwa macho. Kimoja kilikuwa cha gololi: cheusi, kinang'aa, ukilegeza skrubu moja kinageuka kila upande. Cha pili kilikuwa chuma kizee kilichotoka kwenye kamera ya sinema, kizito, chenye mkono mrefu kama mwiko, kinachojua kwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Nilikuwa na studio mtaa wa Gisimenti, kamera moja, na lenzi ndefu ya kupigia picha za mpira uwanjani, nzito kuliko mtoto mchanga. Mwenye duka, mzee aliyekulia Tanzania, alinishauri, "Mwanangu, funga lenzi yako juu ya kichwa unachokitaka, uiachie, tunywe chai. Tukimaliza chai haijainama, chukua." Nikamjibu nina haraka, nikalipia cha gololi. Kizuri chajiuza, nami nilikuwa mteja wa aina hiyo.

Haraka yenyewe ilikuwa ya kuoa. Jumamosi ile wazee wetu walikuwa wanakwenda kuniombea mchumba, na ng'ombe wa mahari alikuwa kwenye mlima wa Kagarama, karibu kuzaa. Hakuna aliyethubutu kumshusha bondeni na kumpandisha mlima wa pili, nyumbani kwa kina mchumba. Lakini desturi inataka ng'ombe akaguliwe. Nikajigamba kwamba nitaiweka lenzi uani kwao, wamwone ng'ombe ng'ambo ya bonde bila kuchafua viatu.

Nikaifunga mapema, nikamlenga ng'ombe aliyekuwa juu ya shamba la migomba, nikaenda kukaa. Hapo nilikuwa nimejitia kitanzi mwenyewe, maana anayeombewa mchumba hasemi wala hainuki. Msemaji wa ukoo wake ndiye anayesema. Mwoaji anatabasamu tu.

Msemaji wetu alimsifu ng'ombe vizuri sana. Kisha akaitwa baba mkubwa wa mchumba, dereva mstaafu aliyependa Kiswahili chake cha barabarani. Yeye angekataa, tungerudi nyumbani mikono mitupu. Akavua kofia, akaweka jicho kwenye kamera. Nikaona mdomo wa lenzi unashuka polepole, kama mzee anayesinzia kanisani.

"Ng'ombe yenu iko na ndevu," akasema.

Msemaji wetu, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akasema ni ng'ombe wa ukoo wa kale.

"Na iko kadogo. Sasa imepanda juu ya jiwe." Akainua uso. "Munatuletea mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Niliogopa kweli, nilimpenda yule binti, na alikuwa ndani ya nyumba akisikia kila neno. Nikainuka, nikapita mbele ya wazee wote, nikaikumbatia lenzi kwa mikono miwili na kuirudisha juu hadi kwa ng'ombe.

"Tazama tena, baba," nikasema, na hilo likawa kosa la pili.

Akatazama kwa muda mrefu. Mikono ikaanza kunitetemeka.

"Shika muzuri, mukwe," akasema bila kuondoa jicho. "Ng'ombe inatetemeka."

Alikwisha kuniita mkwe mbele ya watu wote, na neno hilo likitoka kwa mzee halirudi. Nilitozwa faini ya kreti ya bia kwa kusema bila ruhusa, nikailipa kwa furaha.

Jumatatu nilirudi dukani. Tulikunywa chai vikombe viwili, na lenzi juu ya kile chuma kizee haikusogea hata kidogo. Mwenye duka akaniongezea sukari.

Picha za siku ile ni tatu, zote alizibonyeza baba mkubwa mwenyewe: mbili za ng'ombe, moja ya mbuzi. Baba mkubwa hakuishi kuwaona watoto wetu, na wanapouliza alikuwaje sina cha kuwaonyesha. Alisimama mbele yangu kabisa, jicho lake likiwa kwenye kamera yangu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika lenzi.