Mama Anjela Katumwagia Maji Yote Mlimani

Jamani, leo nimeshuka mlima nina kiu na sina wa kumlaumu.

Kwaya nzima tumeshinda tukiparamia miamba ya Masasi. Jua kali, magoti yamechubuka. Mchana tukawasha moto, tuchome mihogo.

Mara ikapita ndege ndogo, chini kabisa.

Mama Anjela, mkubwa wetu sote kwa umri kwayani, akanyakua dumu la maji, akalimimina lote motoni.

"Moshi! Wataona moshi! Baba Neema, vua kofia, nyeupe hiyo!"

Baba Neema ndiye mwalimu wetu wa kwaya. Akawaka. "Mama, hayo ndiyo maji ya kushukia!"

Kofia hakuvua.

Mama alikuwa amejibanza chini ya jiwe. Baadaye akasema polepole:

"Nilikuwa mtoto, Newala, wakati wa vita vya Msumbiji. Ndege ya Mreno ilifuata moshi wa jiko letu. Mama yangu alikuwa anapika."

Hebu niambieni, ninyi mngemjibu nini?

Tukaanza kushuka, koo zimekauka.

Ndege ikarudi.

Baba Neema akavua kofia, akaificha ndani ya shati.