Nilivyohamisha udongo wa boma kutoka Nyakach hadi Milimani ili mama asikimbie sindano

Wakuu, habari za leo. Hii siitii chumvi, na mwenye kucheka anicheke mimi tu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nimepanga nyumba Milimani, Kisumu. Nilikuwa na digrii ya falsafa na jembe moja. Vyote viwili vilikuwa vipya kabisa.

Mama alipougua kifua, daktari akaagiza akae karibu na hospitali, sindano kila siku kwa miezi kadhaa. Nikamleta kwangu kutoka nyumbani Nyakach, karibu na Pap Onditi.

Wiki ya kwanza tu, kuta zikamshinda. Mtu aliyelima maisha yake yote, umwekee sofa!

Nikaamua kumpandia osuga, ile mboga wengine mnaita mnavu. Lakini aliyejenga ile nyumba alikuwa amemwaga murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, kompaundi nzima. Nikarusha mbegu, nikamwaga mbolea ya dukani kwa madharau ya msomi.

Zikaota, zikageuka njano, zikafa.

Mama akachokora ardhi na kijiti. "Hapa hata mnyoo hakuna, nyathina, mwanangu. Mimi naenda nyumbani Jumamosi."

Na sindano? "Zitanifuata."

Hapo nikaogopa kweli. Nikawasha Datsun mpaka Nyakach, nikaanza kuchimba pale ng'ombe wa marehemu baba walipokuwa wakilala. (Kwetu ukionekana unabeba udongo wa boma la watu, jitayarishe kujieleza.)

Kaka yangu mkubwa akatokea mbio. "Wewe! Udongo ya baba unapeleka wapi? Unataka kuturoga?"

"Ni ya mama. Anataka kutoroka hospitali."

Akaninyang'anya koleo. "Hujui hata kuchimba, yawa." Akajaza magunia mpaka gari likachuchumaa.

Milimani, jirani yangu, afisa mmoja mwenye maua ya waridi, alisimama kwenye ua. "Bwana, unachoma petroli kuleta matope? Si hapa pia kuna udongo?"

Mama akajibu kutoka veranda: "Hiyo yenu ilikufa, baba. Pole."

Jumamosi hakuondoka. Alitaka kwanza aone kama nitamwaga vizuri. Tukachanganya na maganda ya jikoni, tukafunika na nyasi, tukangoja mvua.

Asubuhi moja nikasikia kelele nje. Nikatoka na taulo, nikidhani amezidiwa. Kumbe ameshika mnyoo mnene mkononi. "Ona! Ona huyu!" Sijawahi kuona mnyoo akishangiliwa hivyo.

Osuga ikaja nyeusi kwa afya. Vipepeo wakaja, ndege wakaja, na mwishowe afisa wa waridi akaja na kikapu.

Siku daktari alipomwambia amepona, anaweza kurudi kwake, nilikuwa nimeshamfungia mizigo.

Mama aliniangalia kama mjinga. "Leo? Na osuga nani atachuma?"

Alikaa mpaka msimu ukaisha.

Nilichojifunza: pale udongo umekufa, hata mtu hatulii. Degree yangu haikuwa imefika huko.

Haya, nyinyi mlimzuiaje mgonjwa wenu asiwatoroke? Leteni zenu, nimekaa hapa na chai.